Huduma ya kupima uimara wa mapaa dhidi ya upepo, Kampemba, Lubumbashi

Depo ninayoisimamia iko Kampemba, katika eneo la viwanda la Lubumbashi, nayo ina mapaa mawili yasiyofanana. Sehemu kubwa, ambamo tunahifadhi unga wa mahindi na saruji, imeezekwa kwa mabati, au malata kama tunavyoyaita hapa mjini, yaliyofungwa kwa skrubu kwenye papi za mbao. Sehemu ndogo ya mbele, yenye ofisi na duka la jumla, ina paa bapa la zege ambalo mkandarasi alilibandikia mbao za povu za kuzuia joto, kisha akalifunika kwa utando wa lami. Mwezi wa Oktoba, katika dhoruba ya kwanza iliyotangulia mvua, upepo ulifungua malata matatu ya pembeni, ukayakunja kuelekea nyuma, na mifuko ya unga iliyokuwa chini yake ikaloa yote. Hakuna aliyeumia. Mwenye depo alitaka malata yale yapigiliwe upya siku ileile; mimi nilimwomba kwanza tujue kama malata mengine yote yaliyobaki yameshikwa barabara au yamelala tu kwa uzito wake. Hapo ndipo tulipowaita wapimaji ninaowatathmini katika maandishi haya.

Jina lao silitaji, kwa kuwa nina sifa na nina malalamiko, na malalamiko yenyewe nimekwisha kuwaeleza ana kwa ana. Ninachotaka ni kwamba mtu mwingine mwenye ghala, kiwanda au jengo la biashara katika mji huu aweze kuitambua kazi nzuri ya aina hii atakapoiona, na ajue la kudai anapoilipia.

Fundi wetu mkuu alikuwa na imani kwamba upepo huingia chini ya bati kwenye upenu na kulisukuma juu, na kwamba ukiziba upenu umemaliza kazi. Anachosema kipo, lakini ni nusu ya jambo. Upepo unaporuka juu ya ukingo wa paa hujitenga na uso wake, na hewa iliyo juu ya paa hupungua nguvu kuliko ile iliyo ndani ya jengo. Paa hapo linanyonywa kutoka juu. Mnyonyo huo huwa mkali zaidi kwenye pembe, hasa upepo unapokuja mshazari, kwa kuwa hewa hujisokota kwenye kingo mbili kwa pamoja na kuzaa vimbunga viwili vidogo vinavyolala juu ya paa kuanzia kwenye pembe yenyewe. Kisha kuna mlango. Depo yenye lango kubwa lililoachwa wazi upande unakotoka upepo hujaa hewa kama mfuko, na shinikizo la ndani linaongezeka juu ya mnyonyo wa nje. Siku ile ya Oktoba lango letu lilikuwa wazi, lori likiwa linashusha saruji.

Hesabu waliyotuandikia wapimaji siku ya kwanza, kwa kalamu, juu ya kipande cha katoni, ilinisaidia kuliko kurasa zote walizoleta baadaye. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, ukiwa usawa wa bahari una shinikizo la kilopaskali 0.55 hivi. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kwetu hapa upepo wa kasi ileile una shinikizo la kilopaskali 0.5 tu. Lakini kwenye pembe ya paa mnyonyo unaweza kufika mara mbili hadi mara mbili na nusu ya shinikizo hilo, na tunapata kilopaskali 1.2 hivi. Hiyo ni sawa na kuvutwa juu kwa uzito wa kilo zaidi ya 100 kwa kila mita moja ya mraba, ilhali bati la unene wa milimita 0.4 lina uzito wa kilo nne hivi katika eneo hilohilo. Uzito wa bati hausaidii chochote. Kinacholishikilia paa ni skrubu, papi, na gundi pale palipotumika gundi.

Walikuja watu wanne, wakiongozwa na mhandisi kijana, mwanamke, aliyesomea hapa hapa mjini. Vifaa vyao vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kuba ya plastiki angavu, pana mita moja na nusu kila upande, yenye ukingo wa sponji nene chini, tundu la bomba la pampu ya kunyonya hewa, na manomita ya kusomea shinikizo. Ndani ya kuba hupita fito ya chuma inayobeba saa ndogo ya kupimia, ambayo ncha yake hugusa paa katikati kabisa na kuonyesha paa limenyanyuka milimita ngapi. Cha pili ni mashine ya mkono ya kuvutia skrubu, yenye miguu mitatu na kipimo cha nguvu, ambayo mtu huizungusha polepole mpaka skrubu ing'oke au ifike nguvu iliyokubaliwa.

Mwenye depo aliipenda kuba mara alipoiona, akataka iwekwe juu ya malata, kwa kuwa malata ndiyo yaliyomtia hasara. Mhandisi alikataa, na kukataa huko ndiko kulikonifanya niwaamini. Alisema: «Papa, nikiweka kuba hii hapa nitakupa namba nzuri, lakini haitakuwa namba ya paa lako.» Akamweleza sababu kwa utulivu, huku mzee akiwa amekunja uso. Migongo ya malata haiachi sponji izibe, na hewa hupita kwenye maungio. Hata kama ingewezekana kuziba kila tundu, kuba ya mita moja na nusu hukalia skrubu chache tu, na ukingo wake hukandamiza bati kuzunguka eneo linalopimwa, wakati upepo wa kweli hunyanyua bati zima kwa mara moja. Kwa sababu hiyohiyo kuba haifai kwa utando uliofungwa kwa safu za skrubu zilizoachana mbali: huko maabara, mapaa ya namna hiyo hupimwa kwenye meza kubwa yenye urefu wa mita 7.3 na upana wa mita 3.7, ili safu kadhaa zivutwe pamoja. Kuba ni ya paa lililobandikwa, na depo yetu ilikuwa na paa la namna hiyo moja tu, la ofisi.

Utaratibu wa kuba unatoka Marekani. Kampuni ya bima inayoitwa FM, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kama FM Global, huwaelekeza wateja wake kupitia waraka wa kiufundi namba 1-52, na kulikuwa pia na kiwango cha ASTM, shirika la viwango la huko huko Marekani, chenye namba E907 kilichoeleza jambo hilohilo. Wapimaji huanza na mnyonyo wa ratili 15 kwa futi ya mraba, yaani kilopaskali 0.72, wakauacha kwa dakika moja, kisha wakaongeza ratili saba na nusu na kusubiri dakika nyingine, na kuendelea hivyo ngazi kwa ngazi hadi lengo au hadi paa liachie. Tulikubaliana lengo letu liwe kilopaskali 1.8, mara moja na nusu ya mnyonyo tuliokadiria kwenye pembe. Ngazi zikawa nne: 0.72, 1.08, 1.44 na 1.80.

Tulipima sehemu tano za paa la ofisi: mbili katikati, moja ukingoni na mbili kwenye pembe. Zile za katikati zilipita bila shida. Saa ya kupimia ilipanda milimita tatu au nne na kurudi karibu na sifuri pampu ilipozimwa. Ya ukingoni ilifika milimita sita, nayo ikapita.

Pembe ya kwanza nitaieleza kwa urefu kidogo. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, paa likiwa bado baridi. Ngazi ya kwanza, milimita mbili. Ngazi ya pili, milimita saba, na mhandisi akaacha kuzungumza. Katikati ya dakika ile umeme ukakatika, pampu ikanyamaza, na utando ukashuka taratibu chini ya plastiki. Kijana mmoja alipendekeza waendelee kutoka ngazi ya pili mara jenereta itakapowaka, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imekwisha kupita. Mhandisi akasema hapana, wanaanza upya, na akaandika saa ya kukatika kwa umeme kwenye daftari lake. Walipofika ngazi ya tatu, 1.44, tulisikia mlio mdogo, kama wa plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, na mbele ya macho yetu utando ukajaa kama shavu la mtu anayepuliza moto. Saa ya kupimia ilionyesha milimita 27. Kwa kipimo cha E907, paa linaloinuka milimita 25 linahesabiwa kuwa la kutiliwa shaka. Hili letu halikuhitaji kutiliwa shaka, kwa kuwa lilikuwa limeachia.

Walikata hapo mraba wa sentimita 60 kila upande, wakaunyanyua ubao wa povu. Upande wa chini mistari ya gundi ilikuwa mizima, minene, imekauka vizuri, lakini yote imevikwa vumbi jekundu kama samaki aliyeviringishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa. Juu ya zege hapakuwa na alama ya gundi hata moja. Paa lile lilibandikwa mwezi wa Agosti, katikati ya kiangazi, wakati vumbi la Lubumbashi linaingia hata ndani ya sahani iliyofunikwa, na waliolibandika hawakufagia pembe ile. Gundi ilishika vumbi, na vumbi halikuwa limeshika kitu. Kwa miaka mitatu nilitembea juu ya pembe hiyo nikikagua mifereji ya maji, na sikuona kasoro yoyote kwa macho wala kwa mguu.

Hapa naomba nitaje ubishi uliopo, kwa kuwa mtu akitafuta habari za vipimo hivi atakutana nao. Jumuiya ya wakandarasi wa mapaa ya Marekani, NRCA, haiungi mkono kutumia kuba kama hukumu ya ubora wa kazi mpya, na hoja zake si nyepesi: matokeo hutofautiana, na kwenye paa lililojengwa juu ya sakafu ya chuma chembamba namba hubadilika kulingana na kuba imewekwa karibu na mhimili au katikati ya mihimili. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu kidogo mahali kama petu. Sakafu yetu ni zege, haipindi, na tatizo tulilolipata halikuwa la milimita mbili tatu za kubishaniwa. Tena, mkandarasi wa nchi zile huwa na mkaguzi anayesimama pembeni siku gundi inapomwagwa. Kwetu hakuwepo mtu wa kuuliza kama zege limefagiwa. Nisingekubali mkandarasi apelekwe mahakamani kwa sababu ya saa ya kupimia peke yake. Lakini kipimo kilichofuatwa na kisu, na kisu kikaonyesha vumbi, nakikubali kabisa.

Siku ya pili ilikuwa ya malata. Walivuta skrubu 24, na mahali pa kuvuta walichagua wao, si sisi: nyingi zilikuwa pembeni na kwenye safu iliyo juu ya mfereji wa maji, chache katikati. Skrubu za katikati, zilizoingia kwenye mbao kavu, zilivuka kilonyutoni 3, yaani nguvu sawa na uzito wa kilo 300 hivi, bila kutikisika, nao wakaacha kuvuta. Za safu ya mfereji zilikuwa habari nyingine. Tano kati ya nane zilitoka chini ya kilonyutoni 0.5, na moja ilitoka kwa mkono kabla mashine haijafungwa, ikiwa na uzi wa mbao laini iliyooza kama majani ya chai yaliyotumika. Maji yalikuwa yakirudi chini ya bati kila mfereji ulipojaa, yakailowesha papi ile kwa misimu kadhaa. Kwingine fundi aliyetangulia alikuwa ameweka misumari laini mahali pa skrubu zilizopotea. Mbao ilipokauka na kusinyaa, misumari ile ilibaki imesimama tu ndani ya matundu yake.

Mhandisi alituonyesha namna ya kuitumia namba hiyo, na mwenye depo akaielewa mara moja, yeye ambaye kuba ilikuwa imemchosha. Kila skrubu ya pembeni inabeba eneo lake: papi kwa papi ni mita moja, skrubu kwa skrubu ni sentimita 40, kwa hiyo ni mita za mraba 0.4. Zidisha kwa kilopaskali 1.2 za pembeni, unapata kilonyutoni 0.48 kwa skrubu moja. Skrubu inayong'oka chini ya 0.5 haina akiba yoyote ya nguvu, na zile zilizotoka kwa 0.3 zilikuwa zinasubiri tu zamu yao baada ya malata matatu ya Oktoba.

Wapimaji walikuwa waungwana kueleza pia kile ambacho mashine ya kuvuta haikioni. Inavuta skrubu kutoka kwenye mbao, lakini paa linaweza kuondoka huku skrubu zote zikibaki mahali pake, bati jembamba likipasuka kuzunguka kichwa cha skrubu na kupita juu yake. Kwa hilo hakuna mashine waliyokuja nayo. Walikagua kwa macho raba na duara za bati chini ya vichwa, wakahesabu zilizopasuka, na kutushauri tuweke vishikizo vipana zaidi kwenye safu mbili za ukingo.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kuhusu joto. Pembe ya pili ya paa la ofisi ilipimwa saa saba mchana, lami ikiwa imelainika kiasi cha kuacha alama ya kiatu, na hakuna aliyeandika joto la uso wa paa. Pembe hiyo ilipita kwa milimita 12, lakini siwezi kuilinganisha kwa haki na ile ya asubuhi, na kipimajoto ni kifaa rahisi ambacho timu ya namna hii haipaswi kukisahau.

La pili ni ripoti. Ililetwa baada ya siku kumi, ikiwa na majedwali ya ratili kwa futi ya mraba bila kubadilishwa, bila mchoro wa paa unaoonyesha kila kipimo kilifanyika wapi. Ripoti ya upimaji isiyo na mchoro ni sawa na karatasi ya daktari inayosema mgonjwa ana kidonda bila kusema mguu upi. Tena ilikuwa kwa Kifaransa pekee. Kwa ofisi za serikali na za bima hilo ndilo linalotakiwa, sina ubishi nalo. Lakini atakayepanda juu kubadilisha papi ni fundi, na fundi wetu husoma Kiswahili. Nilipowaomba, walituletea baada ya siku tatu kurasa mbili za Kiswahili pamoja na mchoro, bila kuongeza malipo, na kurasa hizo ndizo zilizofanya kazi.

La tatu ni kiraka. Mahali walipokata mraba ule walirudisha utando na kuuziba kwa lami baridi ya kopo, nao ukavuja mvua ya kwanza. Katika mapatano yetu hapakuandikwa nani anaziba, nami nakiri sikuliuliza. Mtu akiwaita wapimaji wa aina hii, na aandike kabla ya kazi kuanza kwamba kila tundu litazibwa kwa moto, kwa utando wa aina ileile, na fundi anayejua kazi hiyo.

Tulilipa dola 850 kwa siku mbili, pamoja na mafuta ya jenereta. Wanatoza kwa siku, si kwa ukubwa wa paa, na hilo linawafaa wenye majengo makubwa kuliko wadogo. Unga ulioloa Oktoba ulitugharimu zaidi ya hapo. Baada ya ripoti tulibadilisha papi yote iliyo juu ya mfereji, tukaongeza skrubu kwenye pembe nne mpaka zikawa sentimita 20 kutoka moja hadi nyingine, na ile pembe ya ofisi ikabanduliwa, zege likafagiwa, likafutwa kwa kitambaa chenye maji, likaachwa likauke, ndipo likapakwa gundi upya. Wapimaji walirudi kwa nusu siku kuipima tena. Ilifika 1.80 ikiwa imeinuka milimita tano.

Kwa mwenye paa bapa lililobandikwa, ninawapendekeza bila kusita, ilimradi adai kipimajoto, mchoro na kiraka cha moto. Kwa mwenye duka au ghala la malata tupu, asilipie kuba. Aombe kuvutwa kwa skrubu peke yake, siku moja inatosha, na siku hiyo mtu wake apande nao juu na kuhakikisha kwamba wanavuta zile za ukingoni na za juu ya mfereji kabla ya kugusa za katikati.